Vifuniko Vinne vya Kauri

Daktari wa meno alikuwa kijana, na kiti chake kilipanda na kushuka kwa kukanyagwa. Aliniambia nifungue kinywa. Nikamwambia asubiri kidogo. Binti yangu, ambaye ndiye aliyenileta Bujumbura, akanishika bega.

"Mama, fungua tu. Haiumi."

Haiumi. Yeye anajua nini.

Binti yangu anaolewa. Wakwe zake ni watu wa mjini, watu wa kupiga picha. Mimi meno yangu manne ya mbele, ya juu, yamechongwa. Yana ncha, kama meno ya samaki anayeitwa sangala, na katikati pana nafasi ya kupitisha punje ya mchele. Miaka yote nimecheka nikiwa nimeweka kitenge mdomoni. Basi binti akasikia kwamba kuna daktari amerudi kutoka Ulaya, anaweka vifuniko vya kauri, vyembamba kama ukucha, vinagandishwa mbele ya jino, na mtu anatoka na meno kama ya mtoto wa balozi. Akanisihi mwezi mzima. "Mama, siku moja tu nikuone unacheka kwenye picha."

Nilikubali. Nataka hilo lijulikane kwanza, asiseme mtu kwamba nilikwenda kwa ubishi. Nilikubali, nikapanda gari alfajiri, nikapita Kabezi, nikafika, nikakaa kwenye kiti. Kitu ambacho sikumwambia binti yangu ni kwamba vifuniko vya namna hiyo ndivyo vilivyomwua mdogo wangu wa kiume, na aliyempeleka kuvitia nilikuwa mimi.

Nimesoma mpaka mwaka wa tatu tu, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Majina siandiki. Si kwa sababu nimesamehe. Wale watu waliomponza wana watoto, na watoto hawakuwepo. Lakini nitataja kazi zao na milango yao, na mtu wa Rumonge akisoma atajua.

Baba yetu alikuwa mtu wa asili ya Ujiji, mwuza ndagala, dagaa wa ziwani, Mwislamu wa kuswali tano. Mama alikuwa Mubembe wa ng'ambo ya ziwa, Kongo, upande wa Ubwari. Sisi wawili tulizaliwa Rumonge, mimi kwanza, yeye miaka miwili baadaye. Mwaka ule wa Uhuru, watu wakiwa bado wanashona bendera, mama alitupeleka kwa mama yake kusalimia. Baba alibaki na biashara. Bibi alitutazama vinywani kama anayenunua mbuzi, akasema, "Hawa watoto wangu watakufa wakiwa na meno ya mbuzi?" Kesho yake akaja mzee mwenye kisu kifupi na kigongo cha mti mgumu. Ulikuwa unalala chali, unauma kijiti, anagonga. Tak, tak. Vipande vidogo vinarukia ulimini, unatema. Nilipewa muhogo wa moto niuume ili maumivu yatoke. Mdogo wangu aliingia baada yangu. Hakulia. Alipoinuka alitema damu, akapuliza hewa katikati ya meno mapya, na mluzi ukatoka. Watu wote wakacheka.

Tuliporudi, baba hakusema na mama siku tatu. Siku ya nne akasema, "Basi. Kilichokatwa hakioti."

Huo mluzi ndio ulikuwa jina lake pale mwaloni, mitumbwi inapofikia. Alipokua akawa mvuvi, na mtumbwi wake ukiwa bado mbali, ungesikia fiiii moja ndefu, wanawake wanaokausha ndagala wakajua ni yeye na wakanyanyua beseni. Mimi niliona aibu na meno yangu, yeye hakuona. Mtaani kwetu, kwa Waswahili, wasichana waliniita sangala. Yeye wakimwita sangala alijibu, "Sangala iko bei kuliko weye."

Sasa nimtaje wa kwanza, fundi wa meno.

Zamani za Wabelgiji huyu alikuwa mfagiaji kwa daktari wa meno wa Kizungu, Bujumbura, wakati ule ikiitwa Usumbura. Uhuru ulipokuja Mzungu alifunga mizigo yake. Mshahara wa mwisho hakumpa, akampa sanduku. Sanduku la mti mwekundu, lina droo nyembamba, na kila droo ina nta, na kwenye nta zimepangwa nyuso za meno. Nasema nyuso kwa sababu hayakuwa meno kamili, ilikuwa sehemu ya mbele tu, ya kauri, na nyuma kila moja ina kijifereji na namba ya rangi. Akaja nalo Rumonge, akakaa barazani karibu na soko, akawa fundi. Alichonga kijifereji kwa tupa, akachanganya unga na maji ya dawa juu ya kipande cha kioo, akagandisha. Hakusomea popote. Alikuwa amefagia karibu na waliosomea.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuwatilia kina mama jino la dhahabu ambalo si dhahabu. Za kauri zilikaa miaka bila mnunuzi, maana rangi zake zilikuwa za Wazungu, watu wa sigara na kahawa. Nyeupe zilikuwa chache. Nyingi zilikuwa za manjano, kama pembe ya ng'ombe.

Mwaka wa sabini na mbili ulipoanza, baba na mama walikuwa wamekwishafariki, na mimi nilikuwa ndiye mama wa mdogo wangu. Alikuwa amempenda msichana wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, binti ya fundi cherehani. Nilikwenda kumposea mwenyewe, na shangazi mmoja na mikungu miwili ya ndizi. Baba wa msichana alitupokea vizuri, akatunywesha chai, akasema kijana anaswali, ana mtumbwi, hana deni, lakini.

"Lakini nini, baba?" nikauliza.

"Lakini miye sitaki mukwe wa meno ya mamba. Hapa mutaani watasema nimeuza mutoto Kongo."

Nilitoka pale nimefunga kinywa na kitenge. Alikuwa anasema mbele ya meno yangu mimi.

Sasa ona ujinga wangu. Badala ya kumtafutia mdogo wangu mke mwingine, nilikwenda kwa fundi. Nilimpelekea debe mbili za mawese kwa nyuso nne. Mdogo wangu alikataa wiki nzima.

"Yaya," alisema, maana kwetu dada mkubwa tunamwita yaya, "miye na haya meno nakula, napiga mluzi, nacheka. Hayo ya Mzungu yatanifanyia nini?"

"Yatakuoza mke."

"Basi aolewe na hayo meno."

Nikalia. Nililia kwa makusudi, kwa sababu nilijua hawezi kuvumilia machozi yangu. Akaenda.

Fundi alitumia asubuhi nzima. Alipunguza ncha kwa tupa, akapaka saruji yake, akabandika, akamwambia aume kitambaa mpaka adhuhuri. Nyeupe zinazotosha kipimo hazikuwepo, kwa hiyo alimtia za manjano, moja ikiwa na mstari wa kijivu karibu na ufizi. Mdogo wangu alijitazama kwenye kioo cha kinyozi, akasema, "Yaya, nimevaa meno ya mufu." Watu wa barazani wakacheka mpaka wakajishika mbavu.

Aliyecheka sana ni wa pili ninayemtaja, mwenye duka la chumvi, lile la mlango wa kijani. Alikuwa jirani yetu. Alitoka dukani kuja kutazama. "Fungua tena nione! Ee, huyu Mzungu alikuwa anavuta kiko!" Siku nzima kila aliyenunua chumvi alisikia habari ya meno manne ya mdogo wangu. Hakuna mtu Rumonge ambaye hakujua. Hakuna aliyeyaficha. Likumbuke hilo.

Tangu siku ile mluzi uliisha. Alijaribu mwaloni, ikatoka hewa tupu. Wanawake wa ndagala walikuwa wanashtuka mtumbwi umefika na hawakusikia kitu. Muwa hakuuma tena. Lakini baba wa Buyenzi alimtazama kinywani, akasema, "Sasa tunaweza kusema ya mahari." Arusi ikapangwa baada ya mavuno ya mpunga.

Haikufika.

Mwisho wa mwezi wa nne walikuja watu wa mapanga, waasi wa Kihutu. Wengine waliteremka milimani, wengine walivuka ziwa. Waliua jirani zetu Watutsi, baba, mama na watoto, watu waliotuazima kinu juzi yake. Waliua na Wahutu waliokataa kwenda nao. Hao nao nawataja, maana kuna wanaopenda kuwasahau. Waliwasha moto halafu wakakimbia, wakatuacha sisi ndani yake. Baada ya siku chache wanajeshi wakafika, na wao hawakuuliza nani alishika panga. Walitazama kabila, nani Muhutu, walitazama shule, nani amesoma, na kwetu pwani walitazama pia meno, kwa sababu ilisemwa kwamba waasi ni Wakongomani na Wakongomani wanachonga meno.

Mimi na mdogo wangu tulikimbilia kwenye michikichi ya Kigwena. Tulikaa siku nyingi. Tulikula muhogo mbichi, tukatafuna chikichi mpaka taya zikawaka. Nilimwona akigusa jino la mbele kwa ulimi, mara kwa mara. Nikamwuliza. Akasema, "Linacheza." Nikamwambia aache kutafuna upande ule. Hapo ndipo akili yangu ilipokuwa. Nilikuwa nahofia arusi.

Likapita tangazo kwamba kila mwenye karti ya utambulisho arudi mjini aandikwe, asiyerudi atahesabiwa muasi. Tulikuwa na karti zote mbili, zimeandikwa tulizaliwa Rumonge. Tukatoka. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, na barieri ya kuzuia watu ilikuwa imewekwa kwa mapipa ya mafuta na mti wa mchikichi barabarani. Luteni mmoja amesimama. Kando yake benchi, na juu ya benchi vijana wa chama, na katikati yao mwenye duka la chumvi. Kazi yake ilikuwa kusema huyu namjua, huyu simjui.

Wanaume walisimama mstari wao. Wanawake tuliwekwa pembeni, na sisi hawakutukagua vinywa. Nilijifunika kitenge mpaka puani, kama mwenye mafua.

Mbele ya mdogo wangu alisimama mzee mmoja mkausha samaki, Mkongomani kabisa, meno yake yamechongwa yote, juu na chini. Nikasema moyoni, huyu amekwisha. Askari akamwambia fungua. Akafungua. Akatoa karti ya mgeni.

"Weye Mukongomani?"

"Ndiyo, bwana. Tangu nizaliwe."

Askari akacheka. Wakamweka upande wa lori la wageni, na yule mzee alifika Bujumbura, akavuka kwao, akafa miaka mingi baadaye kwa uzee. Meno yake na karti yake vilisema jambo moja.

Mdogo wangu akafungua kinywa. Askari akatazama meno manne ya manjano, yamenyooka. Akatazama karti. Akamrudishia. "Pita."

Alikuwa amekwishainua mguu. Nakwambia mguu ulikuwa juu.

Mwenye duka la chumvi akasema kutoka pale kwenye benchi, bila kuinuka, "Afande, muangalie vizuri. Ile meno si yake."

Nimefikiri miaka yote hii kwa nini alisema. Huenda alikuwa anaogopa, maana kila anayeonekana kujua na kunyamaza alikuwa hatarini. Huenda alisema kwa mazoea, kama alivyozoea kuwasimulia wateja. Lakini mtumbwi wa mdogo wangu ulionekana kwake mwezi uliofuata, umepakwa rangi mpya. Kwa hiyo sifikirii tena.

Askari akaingiza kidole. Lile jino lililokuwa linacheza likang'oka kama ganda la karanga, na chini yake ncha ikaonekana. Luteni akasogea. Akaliweka lile ganda kwenye kiganja, akaligeuza, akaona namba nyuma.

"Karti inasema Rumonge. Kinywa kinasema Kongo. Unaficha nini?"

"Sifichi, afande. Nilikuwa naoa."

Vijana wa benchi wakacheka. Mmoja akasema, "Anaoa na panga!"

Luteni akauliza nani aliyeweka kitu hiki. Fundi alikuwa kwenye mstari uleule, watu watano nyuma. Wakamtoa. Alikuwa anaogopa, na mimi namwelewa mtu anayeogopa. Angeweza kusema ukweli, dada yake ndiye aliyeleta mawese, kila mtu aliona, kila mtu alicheka. Alisema hivi, nimeyashika neno kwa neno, "Alinijia peke yake, afande. Akasema nimufiche asijulikane."

Akaachiwa. Akaishi. Alitia meno ya dhahabu mpaka macho yakamshinda.

Wa tatu ni luteni. Jina lake sikulijua wakati ule, na nilipolijua alikuwa amekwishakuwa mkubwa.

Wa nne ni mimi.

Nilikuwa hatua saba kutoka pale. Neno moja lingetosha kuonyesha fundi amesema uongo. Lakini ili niseme ningefungua kinywa, na kinywani mwangu mlikuwa na meno yaleyale, yaliyochongwa na mzee yuleyule, siku ileile, bila kifuniko. Nilishika kitenge kwa mikono miwili. Mdogo wangu aligeuza uso, akapitisha macho juu ya wanawake wote, na alipofika kwangu hakusimama. Alipita kama ambaye hanijui. Hakuniita yaya. Alifunga kinywa chake, na mimi nikafunga changu, na wakampandisha lori jingine, lile lisilokuwa la wageni.

Sikuambiwa shimo liko wapi. Watu wanasema njia ya Bugarama, wengine wanasema hapohapo ufukweni. Ganda la jino luteni alilitupa. Nilirudi siku nyingine nikalitafuta mchangani, nikiwa nimeinama kama mwanamke anayeokota ndagala zilizomwagika. Sikuliona.

Kwa hiyo kwenye kiti cha daktari, yule kijana alipovuta droo akatoa ubao mdogo wenye meno ya kauri yamepangwa kutoka jeupe mpaka la kahawia, na kila moja na alama yake, niliyajua.

"Tuchague rangi, mama," akasema. "Kwanza nitapunguza kidogo meno yako kwa mbele, halafu tutabandika. Hutasikia maumivu."

Nikaweka kidole kwenye moja, karibu na mwisho.

Akatabasamu. "Hilo ni la manjano mno. Hilo hatumwekei mtu. Ni la kulinganishia tu."

"Liliwekwa," nikasema.

Nikashuka. Binti yangu alinifuata nje akiwa na hasira, akiwa na mkoba wangu mkononi. "Mama, umenitia haya. Siku ya arusi utafanya nini? Utajifunika tena?" Tulikaa kwenye ukuta wa barabara, nikamwambia yote, kama nilivyoandika hapa. Hakujua kama aliwahi kuwa na mjomba. Nilimlea miaka ishirini bila kumwambia. Alilia, halafu akauliza swali moja ambalo nilikuwa nalisubiri na kuliogopa. "Na kama ungesema, mama?"

"Wangetuchukua wote wawili."

"Basi hukukosa."

Ni mtoto mzuri. Lakini yeye hakuona mguu uliokuwa juu.

Nilirudi Rumonge peke yangu, kabla ya alasiri. Duka la mlango wa kijani bado liko. Mwenyewe amezeeka, anapimia chumvi akiwa amekaa. Miaka yote nikipita huniambia "Amahoro, mama," na mimi hutikisa kichwa, kitenge mdomoni. Siku ile nilisimama mbele yake. Nilishusha kitenge. Nilifungua kinywa chote, kama kwa daktari, nikaacha aone. Manne ya juu, na nafasi ya katikati.

Aliyatazama. Aliyajua, nakuapia. Macho yake yalikaa pale muda wa mtu kuhesabu mpaka nne. Kisha akainama, akachukua kibati chake cha kupimia, akakitia kwenye gunia.

"Unataka ngapi?" akauliza.

Nilikuwa nimebeba maneno ya miaka ishirini. Nilisubiri yatoke. Nyumbani hapakuwa na chumvi.

"Nusu kilo," nikasema.